Mashine Nzito na Haya ya Ukweni

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niandike machache ya kazini ili yasiondoke na mimi. Saa ninayo, nayo hukimbia kidogo, kama aliyeinunua alitaka nistaafu upesi zaidi. Hayo machache ndiyo yaliyochelewa. Kila nikishika kalamu, ninayoyakumbuka vizuri ni yale yaliyonitia aibu. Ya sifa yamo kwenye faili langu, na hayajazi ukurasa.

Nilianza kazi Shinyanga, kwenye ofisi iliyokuwa na ghala la pamba uani. Mimi nilikuwa fundi msaidizi wa mashine za ofisini, maana yake taipureta, mashine za kujumlishia hesabu, na mashine moja ya kurudufu karatasi iliyokuwa ikichafua watu kuliko karatasi. Fundi mkuu alikuwa Mzee Athumani, mtu wa Kigoma, mpole, mwenye kofia yake ya kitambaa na maneno ya kuhesabika. Siku ya kwanza nilitegemea anipe bisibisi. Alinipa brashi ya rangi iliyokatwa nywele na kuniambia nisafishe. Nilinuna. Alipokwenda kuswali nikafungua taipureta ya karani mkuu kuonyesha ninaweza, springi ikaruka, ikaingia kwenye marobota ya pamba. Karani aliandika kwa mkono mpaka springi nyingine ilipopatikana Mwanza, na kila nilipopita mezani kwake alinionyesha kidole chake chenye wino.

Mzee Athumani hakunikemea. Alinifundisha mambo mawili. La kwanza, kwa nchi yetu ya vumbi, mashine isiyofunikwa ni mashine iliyokufa, kwa hiyo kazi ikiisha kila kitu kivishwe. Hilo halikuwa geni kwangu. Nyumba zetu mnazijua: redio ina kitambaa chake cha kufuma, kochi lina vyake, na hata jagi la maji lina kifuniko chenye shanga pembeni. Kitu cha thamani hakiachwi uchi.

La pili alilisema hivi: "Badilisha kitu kimoja, halafu nenda kanywe chai. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, hutajua kipi kimekuponya." La kwanza nililishika sana kuliko inavyotakiwa, na la pili nikalisahau nilipolihitaji.

Taipureta zikaondoka, kompyuta zikaja. Nilihamia Kahama, baadaye Geita, nikaajiriwa na chama cha wachimbaji wadogo kutunza mashine zao. Nilikutana na kesi ngumu. Kulikuwa na printa iliyokataa kuvuta karatasi kwa sababu nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo ndani yake, na kulikuwa na mhasibu aliyekuwa akizima kompyuta yake kwa kuchomoa waya ukutani, akiamini ndiyo njia ya kuwahi basi. Hizo kesi nilizimudu. Ninayotaka kuwasimulia ni ya mwisho, ile ya programu ya simu, kwa sababu ilikaribia kumkosesha mtu kazi, na mtu huyo bado mnaye hapo ofisini.

Mvua zikinyesha sana, maji huingia kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia, na mengine hulazimika kufungwa. Enzi hizo Mwenyekiti alikuwa akimtuma mtu na pikipiki na kipaza sauti kutangaza duara lipi limefungwa. Upepo ukivuma upande mwingine, nusu ya watu hawasikii. Kwa hiyo chama kikaamua kuwa na programu ya simu: kiongozi wa duara anabonyeza, na wanachama wote wanapata taarifa. Akaajiriwa binti mmoja, Nyamizi, Msumbwa wa kule Ushirombo, aliyekuwa amesoma mambo ya kompyuta chuoni. Alipewa mkataba wa muda. Mwenyekiti alimwambia mbele yangu, "Mkutano mkuu utakapokaa, wanachama wataiona kazi yako. Ikiwaridhisha tunakuajiri moja kwa moja. Isipowaridhisha, utarudi kwenu Ushirombo, na sisi tutarudi kwenye kipaza sauti."

Mimi niliwekwa kuwa mwenzake. Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe, nami nikajifunza kuandika programu kwa binti mwenye umri wa mwanangu wa mwisho. Hilo nalo lina aibu yake. Nilikuwa nikisahau alama ndogo mwisho wa mstari, programu inagoma, ananiambia kwa adabu, "Mzee Shija, hebu tutazame mstari wa juu kidogo," kana kwamba kosa ni la mstari.

Chama kilinunua kompyuta mpakato moja yenye nguvu. Ofisi yetu ya wakati ule ilipakana na karasha la kusagia mawe. Likiwashwa umeme unashuka na vumbi linapita hata chini ya mlango uliofungwa, kwa hiyo Mwenyekiti aliruhusu mashine ikae kwangu, Kalangalala. Nyamizi alikuwa na kikompyuta chake kidogo cha chuoni. Hicho aliweza kukitumia kuandika tu. Kuyageuza maandishi yale kuwa programu inayokubali kuingia kwenye simu, jambo ambalo ninyi vijana mnaliita kubildi, ilibidi kufanyike kwenye mashine ya kwangu. Aliniletea kazi kwenye flashi, mimi ninabildi, tunaijaribu, tunaona kosa, anakwenda kurekebisha, anarudi.

Sasa lazima niwaeleze nyumba yangu. Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nasi. Alikuwa akitibiwa macho hospitali ya Kolandoto, na macho yalipokataa kurudi, mke wangu, Mama Kabula, akasema hawezi kumwacha mama yake peke yake kijijini. Mnajua ukweni kwetu Wasukuma kulivyo. Mkwe na mama mkwe hawakai wakatazamana. Mama alipewa chumba cha nyuma chenye mlango wa uani, na tukizungumza, tunazungumza kupitia kwa Mama Kabula au pazia la ukumbini likiwa katikati. Kwa miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumpinga neno.

Aliposikia kuwa mkwe wake ameletewa mashine ya ofisi, aliifumia vazi. Alifuma kwa kupapasa, bila kuona, kifuniko cheupe chenye maua pembeni, na chini yake akaishonea mto aliojaza pamba ya shambani kwake mwenyewe, ili mashine isikae juu ya mbao ngumu. Mama Kabula aliniletea kwa mikono miwili. "Mama anasema mashine ya mkwe wake isilale vibaya," alisema. Nilishukuru kupitia pazia. Niliguswa kweli. Kuanzia siku hiyo mashine ilikaa juu ya mto, nikifanya kazi na nisipofanya.

Tangu hapo mashine ikawa nzito. Kubildi kulikotakiwa kuisha kabla chai haijapoa kukawa kunachukua muda wa kuchemsha maharage. Badiliko la rangi ya kitufe kimoja lilikula asubuhi nzima. Nyamizi alikaa kwenye benchi la barazani kwangu akisubiri, akitazama kuku.

Nilifanya yote yanayofanywa na fundi, nayo nawaandikia kwa kuwa yatawafaa. Kuna ile simu ya bandia inayofunguka ndani ya kompyuta kwa ajili ya majaribio. Inakula nguvu nyingi mno, kwa hiyo niliifunga tukatumia simu halisi kwa waya. Niliongeza ramu, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi ya mashine. Niliielekeza antivairasi isichungulie folda ya kazi yetu, maana ilikuwa ikikagua kila faili kama askari wa kizuizini. Niliizuia programu isiende mtandaoni kutafuta vitu ilivyokwisha kupakua jana. Yafanyeni hayo, ni sahihi. Kila moja lilileta nafuu asubuhi, na jua likipanda kidogo mashine inarudi kulekule kwenye maharage.

Kwa kuwa asubuhi ilikwenda vizuri na baadaye ikachoka, niliamua kosa ni la mtandao: asubuhi watu wachache, mchana watu wengi. Nikapanda basi kwenda Kahama kujaribu kwenye mtandao wa rafiki yangu mwenye duka la simu. Mto nikauacha nyumbani, kwani nani anasafiri na mto kwenye basi la Kahama. Pale dukani, juu ya meza ya kioo, mashine iliruka kutwa nzima. Nilifurahi mpaka nikamnunulia rafiki yangu chipsi. Nikarudi Geita nikamwambia Mwenyekiti, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba tatizo tumelipata, ni mtandao. Chama kikaingia gharama kuniwekea mtandao bora nyumbani. Watoto wa jirani waliufurahia. Mashine haikubadilika hata chembe. Nilikuwa nimebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, mji na meza, nikasifia kile kisichohusika, mimi niliyefundishwa na Mzee Athumani.

Nyamizi alianza kupungua. Mwanzoni alikuwa akija na karanga na hadithi za kwao. Ikafika mahali akawa anasalimia tu. "Shikamoo, mzee. Imeisha?" "Marahaba. Bado, mwanangu." Anakaa. Mkutano mkuu ukawa unakaribia, na programu yetu ilikuwa na ukurasa wa kwanza tu.

Jibu lilikuja siku ya kufua. Mama Kabula alichukua vifuniko vyote vya nyumba, na mto nao, akavianika juani. Mimi nikaweka mashine mezani hivihivi. Bando la mtandao mpya lilikuwa limekwisha na nilikuwa nimesahau kulilipia, kwa hiyo hapakuwa na mtandao wowote. Nikabildi, ikaisha. Nikabildi tena, ikaisha. Adhuhuri ikapita, jua limechachamaa juu ya bati, na mashine bado nyepesi. Nikapitisha mkono chini yake. Ilikuwa ya uvuguvugu tu. Hapo mikono yenyewe ikanikumbusha jinsi sehemu ile ilivyokuwa ikichoma siku zote nilipoinyanyua jioni, na mimi nikidhani ni kawaida ya mashine zenye nguvu. Matundu ya kupumulia yako chini. Pamba ya mama mkwe ilikuwa imeyaziba, joto likapanda, na mashine, ili isiungue, ikawa inajipunguzia mwendo yenyewe. Feni ilikuwa ikilia muda wote. Kalangalala yenye redio na bodaboda kila upande, nani atasikia feni.

Niliona aibu nikiwa peke yangu sebuleni. Fundi wa miaka yote ile, niliyekwisha kuwakanya watu wasifunike redio inapoimba.

Jioni ile mto ulirudi, umenyonya jua, umevimba. Mama mkwe aliuleta mwenyewe mpaka kwenye pazia na kuupitisha. "Baba, umekuwa mzuri sasa. Uweke," alisema. Nikasema, "Asante, mayu," kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma. Nikauweka.

Msiniulize kwa nini sikusema palepale. Nilimfuata mke wangu jikoni.

"Mama Kabula, mto wa mama unaibana mashine pumzi. Mwambie taratibu."

Alikuwa akichagua mchele, hakuinua uso. "Mama kafuma bila kuona, vidole vimetoboka. Mimi siwezi. Mwambie wewe."

"Mimi ni mkwe."

"Basi unamsubiri nani? Mjumbe wa nyumba kumi?"

Nikapata njia ya mtu mwenye haya. Nilipoanza kazi niliutoa mto kimyakimya, na kwa kuwa sikuwa na pa kuuficha, niliukalia. Ndiyo, niliukalia mto wa mama mkwe wangu. Akiuliza kutoka upande wa pili wa pazia, "Mto upo, baba?" nilimjibu, "Upo, mayu," na haikuwa uongo. Nyamizi alipokuja na kuona kazi inaisha mara moja, macho yalimtoka. Aliniuliza nimefanya nini. Nikasema, "Nimerekebisha mipangilio." Neno mipangilio linasaidia sana wazee kwenye fani hii, halina wa kuliuliza zaidi.

Kwa mwezi mmoja uliobaki tulifanya kazi ambayo ilikuwa imelala tangu kiangazi. Nyamizi aliandika, mimi nikabildi, kurasa zikaongezeka, na taarifa zikaanza kufika kwenye simu za majaribio zikiwa na mlio wake. Siku ya mkutano mkuu nilivaa suti.

Wachimbaji walijaa uwanjani mbele ya ofisi, wengine wametoka duarani na udongo wao. Nyamizi alionyesha programu. Kiongozi wa duara mmoja akabonyeza, simu zikalia mfululizo kwenye mifuko ya watu, na wakapiga makofi. Nikajua tumepona. Kisha Mwenyekiti akasimama.

"Kazi nzuri," akasema. "Lakini mimi ni mtu wa kufuatilia. Huyu binti kakaa miezi hatuoni kitu. Mwezi huu wa mwisho, alipoona mkutano unakuja, kila kitu kikatokea. Maana yake aliweza tangu zamani, alikuwa anatuvuta tu. Mtu wa kusukumwa namna hiyo mimi simtaki. Programu tubaki nayo, mkataba wake uishe."

Watu walinong'ona wakikubali. Kwa yale waliyoyaona, ilikuwa hoja ya haki. Nyamizi aliangalia viatu vyake. Kisha akanitazama mimi, akisubiri niwaeleze hiyo mipangilio.

Nikasimama. "Mwenyekiti, mashine ndiyo iliyokuwa nzito. Siyo binti."

"Nzito kwa nini, mzee? Mtandao tulikuwekea."

"Haukuwa mtandao. Ilikuwa inapata joto."

"Geita hii sote tunapata joto, na tunafanya kazi." Wakacheka kidogo.

"Ilikuwa imekalia mto."

Nilijua Mwenyekiti atauliza nini. "Mto wa nani?"

Wengi pale uwanjani walikuwa Wasukuma kama mimi, na waliobaki wamekaa nasi vya kutosha kujua. Mwanaume hamtaji mama mkwe wake kwenye mkutano, tena akimtaja kuwa ndiye aliyeharibu. Nilitamani lile karasha liwashwe.

"Wa mama mkwe wangu," nikasema. "Aliushona mwenyewe. Ulikuwa unaziba matundu ya mashine. Nilipogundua nilishindwa kumwambia, nikawa nautoa kwa kificho. Ndiyo maana mwezi huu kazi imekwenda. Ile miezi mnayomhesabia binti ni yangu."

Kicheko kilianza nyuma kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Mmoja akapiga kelele, "Mzee, ukautoa ukauweka wapi?" Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikajibu, "Nikaukalia." Watu walikaa chini kwa kucheka. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Naye ana wakwe zake Bukombe. Alisubiri mpaka watulie, akasema kwa sauti ndogo, "Binti aendelee na kazi. Tuende kwenye ajenda nyingine."

Nyamizi alinikuta kwenye kona ya ofisi nikijifuta jasho. Nilidhani atashukuru.

"Mzee," alisema, "mimi ile programu niliifuta nikaiandika upya mara mbili. Nilijua mimi ndiye ninaandika vibaya, ndiyo maana mashine inashindwa. Nilimwambia mama yangu labda sikustahili kusoma." Hakusema kwa hasira. Alitaka tu nijue. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu," na akasema, "Nimekusamehe, mzee," kisha akaenda kuwaelekeza wachimbaji namna ya kuingiza programu kwenye simu zao. Vijana wangu, mashine ikiwa nzito na mmeshajua sababu, mwambieni anayesubiri. Hata kama sababu yenyewe inawafedhehesha.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Bodaboda wana kasi kuliko mtandao wowote wa chama. Nilikuta habari imeshafika. Mama Kabula alinipokea koti bila kunitazama, akaenda uani. Pazia lilikuwa limeshushwa, na nikajua nyuma yake kuna mtu.

"Baba," mama mkwe aliita.

"Naam, mayu."

"Wamecheka?"

"Wamecheka, mayu."

"Yule mtoto wa watu kabaki kazini?"

"Kabaki."

Nilisikia mkono wake ukipapasa pazia, kama anayetafuta mahali linapoishia. Halafu akaniuliza, wala hakukuwa na ukali kwenye sauti yake.

"Mimi nimekushonea mto kwa sababu sikuijua mashine. Wewe uliyeijua, kumbe uliona bora mtoto wa watu afukuzwe kuliko mimi niambiwe?"